Mikono Ikishika Kazi ya Miguu

Barabara inayochepuka kutoka lami kuu ya Arusha–Moshi pale Usa River na kuelekea Ngongongare, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, humpima mwendesha baiskeli bila huruma. Ni kupanda tu. Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, huanza kuinua ardhi tangu huku chini kwenye mashamba ya maua na kahawa, na kadiri unavyousogelea ndivyo kilima kinavyozidi kukaza. Asubuhi vijana hushuka na mikungu ya ndizi iliyofungwa kwa mipira kwenye karia, breki zikilia. Wakati wa kurudi utawaona wanatembea, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye siti, wanasukuma. Baiskeli zao karibu zote ni za gia moja, na gia hiyo ilichaguliwa na mtu aliyekuwa anaiwazia nchi tambarare.

Mwenye miguu mizima akishindwa na mlima hushuka. Atachelewa, atalowa jasho, lakini atafika. Mfikirie sasa mwenzake ambaye miguu yake ilichukuliwa na polio ya utotoni, au ajali ya bodaboda, au jeraha la uti wa mgongo, naye anasafiri kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Yeye hana pa kushukia. Akikwama, atakaa hapo hapo mpaka apite msamaria wa kumsukuma. Namna nguvu ya mwili wake inavyolifikia gurudumu ndiyo inayoamua kama leo atakwenda soko la Tengeru au atabaki nyumbani.

Ndiyo maana suala hili nalianzia Usa River. Hapa kipo kituo cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiwafundisha ufundi vijana wenye ulemavu ili wajitegemee. Kijana hutoka pale na ujuzi mikononi, kisha anakutana na barabara.

Kabla ya kuzungumzia mikono, tuipe pedali haki yake, maana wengi wanaobuni mifumo mipya huanza kwa kuidharau. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, mpandaji akijisukuma kwa kukanyaga ardhi. Miaka ya 1860 mafundi wa Paris wakafunga pedali kwenye ekseli ya gurudumu la mbele. Hapo mwendo ukategemea ukubwa wa gurudumu: ukitaka kukimbia zaidi, uongeze gurudumu. Zikazaliwa baiskeli ndefu za ajabu ambazo kuanguka kwake kulivunja shingo za watu. Kilichoziondoa ni cheni. Hans Renold wa Manchester alitoa cheni ya kisasa ya viroli mwaka 1880, na mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akaleta Rover, baiskeli ya magurudumu yanayokaribia kulingana, pedali katikati, cheni ikipeleka nguvu nyuma. Phoenix ya China, Hero ya India, hata ile Swala iliyokuwa ikitoka kiwandani Dar es Salaam na ambayo wazee wetu bado wanaikumbuka, zote ni wajukuu wa Rover.

Imedumu kwa sababu haipotezi. Mwaka 1999 James Spicer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipima cheni ya baiskeli maabara na kukuta kwamba, ikiwa katika hali nzuri, inaweza kufikisha hadi asilimia 98.6 ya nguvu inayoingizwa. Cheni ya huku kwetu Maji ya Chai iliyojaa vumbi haiwezi kufika huko, lakini hata ikipungukiwa bado ni vigumu kupata kinachoishinda. Na mwili wa binadamu hauna nguvu ya kuchezea. Mtu wa kawaida akikanyaga kwa muda mrefu bila kuhema sana hutoa wati 75 hadi 100 hivi. Ukipoteza robo yake njiani, umempokonya mtu kilima kizima.

Wapinzani wa cheni wamekuwapo tangu zamani. Miaka ya 1890 Ulaya na Marekani ziliuza kwa mbwembwe baiskeli za shafti, zenye gia za meno kila upande kama zile za difu ya gari, zikisifiwa kwamba hazichafui suruali. Zilikuwa nzito, na fremu ikipinda kidogo tu meno yalianza kulana. Kuna mkanda, ambao kampuni ya Gates ya Marekani imeupa uhai mpya tangu mwaka 2007 kwa kuuimarisha na nyuzi za kaboni. Mkanda hautaki oili, haushiki kutu, haupigi kelele. Kwa matope ya masika ya Meru ningeupa alama za juu. Lakini hauungiki. Ukikatika, umekatika, na kuuvalisha mpya kunahitaji fremu yenye sehemu inayofunguka, kwa kuwa mkanda ni duara lisilo na kiungo. Fremu ya Phoenix haina sehemu hiyo.

Kuna pia wenzo. Baiskeli ya American Star ya miaka ya 1880 na ile ya Svea ya Sweden iliyoifuata zilikanyagwa juu-chini badala ya kuzungushwa. Kwa mguu mzima mfumo huu una kasoro ya asili: mguu unashuka, unasimama, unageuza, unapanda, na kila unaposimama kuna kitu kinapotea. Krenki ya duara haina kusimama. Mguu mmoja ukifika chini mwingine umeshashika zamu. Hata hivyo wenzo una fadhila ambayo krenki haina. Unaukanyaga kwa kadiri unavyoweza. Mwenye goti lisilokunjika hawezi kumaliza duara la pedali, ila anaweza kusukuma wenzo hatua fupi fupi siku nzima. Tutaurudia wenzo, maana ulikuja kuibuka tena hapa hapa Afrika Mashariki.

Hukumu ya mwisho juu ya mfumo wowote hutolewa na fundi wa chini ya mti. Mtazame wa Leganga, hapa Usa River, anavyounga cheni. Anaipindua baiskeli, siti na usukani chini. Pingili iliyopasuka anailaza juu ya nati kubwa, anasimamisha msumari uliokatwa ncha juu ya pini, anagonga mara mbili, pini inachomoza upande wa pili. Haiachi itoke yote, kwa sababu kuirudisha ni kazi ya kutoa machozi. Anaondoa pingili mbovu, anachukua nzima kutoka cheni kuukuu inayoning'inia kwenye tawi, anaiingiza, anagonga kutoka upande wa pili, kisha anakikunjakunja kile kiungo kwa vidole mpaka kilegee. Tone la oili iliyomwagwa kutoka pikipiki, na mteja anaondoka. Hakuna umeme uliotumika wala kifaa cha dukani.

Hilo linawezekana kwa sababu pingili za cheni ya baiskeli zina nafasi ile ile ya nusu inchi, iwe baiskeli mpya ya China au ya mtoto iliyokuja na mtumba. Vumbi letu laini la volkano likichanganyika na oili chafu husaga pini na meno ya gia, kwa hiyo cheni hulegea mapema kuliko inavyopaswa. Lakini hulegea taratibu, na humpa mwenyewe muda wa kutafuta fedha. Mfumo unaokufa ghafla, na ambao kipuri chake kiko Nairobi au Ujerumani, kwa mtu wa hapa ni chuma chakavu kabla ya wakati wake.

Waliolielewa hilo ni watu wa World Bicycle Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, ambalo baiskeli zake za Buffalo zimeenea Kenya, Zambia, Malawi na kwingineko. Walipotaka kuipa Buffalo gia ya pili kwa ajili ya vilima na mizigo, walikataa waya na vile vidude vinavyoning'inia nyuma, ambavyo huvunjika kwa jiwe moja. Wakaweka cheni mbili na friwili mbili. Mpandaji anarudisha pedali nyuma kidogo, gia inabadilika, anaendelea. Fundi anayejua cheni moja anazijua mbili. Kati ya mabadiliko yote niliyoyasoma kuhusu baiskeli ya kazi, hili ndilo linaloniridhisha zaidi, na nitaeleza kwa nini linawahusu wanaotumia mikono.

Arusha yenyewe ina historia ya kuing'oa pedali kwenye kazi yake na kuipa nyingine. Wanoa visu wanaozunguka mitaani huinua gurudumu la nyuma kwa stendi, wakapitisha kamba kutoka kwenye rimu hadi kwenye jiwe la kunolea lililofungwa juu ya fremu, wakakanyaga. Baiskeli haiendi popote, kisu kinapata makali. Bernard Kiwia, mbunifu aliyeanzia kwenye ufundi baiskeli, alijulikana nje ya mipaka kwa chaja ya simu inayoendeshwa na gurudumu la baiskeli, akashiriki kuijenga Twende, karakana ya ubunifu ya hapa Arusha. Mwaka 2009 Jodie Wu, aliyesoma MIT huko Marekani, alianzisha Arusha kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyouza mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli ya kawaida. Baadaye kampuni ikaelemea taa za sola. Kupukuchua ni kazi ya msimu, giza ni la kila siku, na sioni ajabu biashara kufuata kilipo kilio.

Sasa mikono.

Baiskeli ya magurudumu matatu tunayoiona barabarani ni krenki iliyopandishwa hadi usawa wa kifua. Mahali pa pedali pana vishikio, na cheni inashuka kando ya foku mpaka kwenye gurudumu la mbele. Mpandaji ameketi kati ya magurudumu mawili ya nyuma, na mzigo uko mgongoni kwake. Kwa tambarare ni chombo cha heshima. Huko Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, watu wenye ulemavu wamejenga maisha kwa kuvusha bidhaa kwa baiskeli hizi, nao ni wafanyabiashara wanaojulikana mpakani.

Kwenye kilima mambo hubadilika, na sababu zake zinaeleweka vizuri kabisa. Ya kwanza ni mwili. Mikono ina misuli midogo kuliko miguu; wanaopima pumzi za watu kwenye mashine za mazoezi hukuta kwamba mtu ambaye hakufanya mazoezi maalumu, akizungusha kwa mikono, hufikia takribani asilimia 70 tu ya kiwango cha juu cha oksijeni anachotumia akikanyaga. Anaanza safari akiwa na upungufu, kisha anapewa chombo kizito kuliko baiskeli na gia ile ile moja.

Ya pili imekaa kwenye foku. Kwa vile krenki imefungwa kwenye usukani wenyewe, mkono mmoja ukisukuma huku mwingine ukivuta, kama miguu inavyopokezana, gurudumu la mbele huyumba kulia na kushoto. Mpandaji anatumia sehemu ya nguvu zake kuzuia chombo kisiingie mtaroni. Baiskeli za mikono za kisasa zimeondoa tatizo hili kwa kuvielekeza vishikio vyote viwili upande mmoja, mikono ikaenda pamoja na kurudi pamoja. Fundi aliyechukua krenki ya baiskeli na kuifunga kama ilivyo hajafanya hivyo, na kuirekebisha ni kazi ndogo ya kuchomelea.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inamwangusha mtu pale pale anapohitaji msaada. Chombo kikielekea juu, uzito hurudi nyuma. Gurudumu la mbele, lenye cheni, linakuwa jepesi. Mpandaji anazungusha kwa nguvu zake zote, tairi inateleza kwenye changarawe, inachimba, haiendi. Akiongeza gunia la viazi nyuma ya siti, hali inazidi kuwa mbaya. Hapa mikono haina lawama yoyote; hata mwanamieleka angeteleza. Cheni imepelekwa kwenye gurudumu lisilo na uzito.

Dawa yake inajulikana: peleka nguvu nyuma. Krenki ikae kwenye fremu badala ya usukani, cheni ishuke hadi kwenye shafti fupi ya katikati, na cheni ya pili iende kwenye gurudumu moja la nyuma. Chombo kitavuta upande kidogo, na mpandaji atalazimika kuongoza kwa mkono mmoja au kwa wenzo wa pembeni. Hiyo ni gharama, siifichi. Ila kwenye njia ya kutoka Ngongongare kushuka Usa River, na kurudi, ningeilipa bila kusita.

Ndipo linapoingia lile la Buffalo. Ikiwa tayari kuna cheni mbili na shafti ya katikati, nafasi ya gia ya pili ipo. Mtu anayetegemea mikono hawezi kuiachia krenki ashughulike na waya wa gia. Kurudisha krenki nyuma kidogo ndiyo ishara pekee anayoweza kuitoa bila kuachia kitu. Sijaona baiskeli ya mikono iliyojengwa hivyo hapa kwetu. Vipande vyake vyote, cheni, friwili, beringi, gia, vinauzwa kwenye maduka ya vipuri vya baiskeli.

Breki nazo zisisahaulike. Wabunifu hupenda kuzungumzia kupanda, lakini anayeshuka akiwa amekaa, mikono yote miwili kwenye vishikio, anahitaji breki inayofikiwa bila kuachia krenki, na nyingine ya kufunga ili chombo kisiondoke anapohamia kwenye kigoda. Pasipo friwili, krenki hujizungusha yenyewe mteremkoni na kumgonga vidole.

Turudi kwenye wenzo. Mwaka 2005 mwanafunzi wa uhandisi wa MIT, Amos Winter, alikuja Tanzania kuchunguza hali ya viti mwendo. Alichokikuta wenyewe tunakijua: kiti mwendo cha kawaida kinaingia ndani ya nyumba lakini hakifiki mbali kwenye njia ya kijijini, baiskeli ya magurudumu matatu inafika mbali lakini haipiti mlangoni. Kilichotoka kwenye kazi yake ni kiti chenye nyenzo mbili ndefu, moja kila upande, zinazosukumwa mbele na kurudishwa, kila moja ikivuta cheni ya baiskeli. Hakuna gia za kubadilisha. Ukishika wenzo juu, karibu na ncha, nguvu ya kuzungusha inaongezeka na mwendo unapungua, unapanda. Ukishika chini unakimbia. Mpandaji mwenyewe anakuwa ndiye gia kwa kusogeza mikono yake. Akifika nyumbani anazichomoa nyenzo na kuingia ndani kama na kiti kingine chochote.

Kiti hicho kilijaribiwa Afrika Mashariki mwaka 2009, na watumiaji wa huku walisema ukweli bila haya: njiani kinafaa, ndani ni kizito na kipana mno. Wahandisi wakakata uzito, wakakipunguza upana, wakaenda kukijaribu tena Guatemala, kisha India. Kwa vipimo vyao, kinakwenda kwa kasi ya asilimia 80 hivi zaidi ya kiti mwendo cha kawaida. Baadaye kampuni iliyotokana na kazi hiyo ikaanza kukiuza Marekani kwa watu wanaopenda kutembea misituni. Ninafurahi kwa ajili yao. Lakini maoni yaliyokirekebisha yalitoka kwa watu wa huku, na bado huku ukiuliza kiti cha namna hiyo utaonyeshwa kiti cha hospitali.

Nakiita hivyo kwa sababu ndivyo kilivyo: magurudumu madogo ya mbele yanayozama mchangani, tairi ngumu zisizo na upepo, fremu iliyokusudiwa sakafu ya vigae. Hugawiwa kwa nia njema, picha hupigwa, na baada ya muda beringi hufa kwa kuwa saizi yake haipo dukani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 kuhusu viti mwendo katika nchi zenye uhaba wa rasilimali, likisisitiza kwamba kiti kimfae mtu mwenyewe na mazingira anamoishi, na kiweze kutengenezwa huko huko aliko. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Moshi, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa, kipo chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, ambacho kimewafundisha wataalamu wa viungo bandia na viti mwendo kutoka nchi nyingi za Afrika. Arusha ipo TEMDO, taasisi ya serikali ya usanifu wa mitambo, ipo CAMARTEC inayoshughulikia zana za kilimo na teknolojia za vijijini, na Tengeru, jirani kabisa na Usa River, ipo Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia. Ukizunguka mlima huu kutafuta wahandisi, huwakosi.

Kinachokosekana ni mtu wa kuweka oda. Kila halmashauri nchini hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru yako hapa hapa Usa River. Kikundi cha vijana waliofundishwa kuchomelea, wengine wao wakiwa watumiaji wa vyombo hivi, kinaweza kukopa kwenye zile mbili na kuanza na chombo kimoja: krenki kwenye fremu, vishikio sambamba, gurudumu la nyuma ndilo linalovutwa, cheni mbili za nusu inchi, friwili mbili, breki ya kufunga. Mtumiaji wa kwanza akijaribie kwenye njia ya Ngongongare akiwa na gunia mgongoni, na fundi wa Leganga aitwe kuangalia kama kuna kipande chochote ambacho hawezi kukibadilisha mwenyewe.